Namna ya Kumwomba Tajiri Bila Kuuza Pori

Kama umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi, kazi ya kutafuta wafadhili wakubwa unaijua tayari. Kilichobaki ni kuifanya kwa Kiingereza, kwenye hoteli ambayo kikombe kimoja cha chai kinaletwa na vijiko vitatu, kwa niaba ya watu wanaolinda ardhi walikozikwa babu zao.

Nimeifanya kazi hii Arusha miaka mingi, nikiomba kwa ajili ya wafugaji na wawindaji wa kaskazini mwa Tanzania. Kila baada ya muda ofisi inapata kijana mpya. Ana shahada, ana kompyuta mpakato, anaandika andiko la kurasa arobaini bila kukosea nukta, lakini akiambiwa ampigie simu tajiri anakumbuka ghafla kwamba alikuwa na safari ya benki. Mdogo wangu, mwongozo huu ni wako. Una hatua nane, nimezipanga kama kamati inavyopanga vikao vyake, na kila moja tumeilipia kwa kosa, langu au la mwenzangu.

Hatua ya kwanza: Anza na mjomba

Kikao cha kwanza cha harusi hakianzi na kadi mia tatu. Kinaanza na swali linaloulizwa kwa sauti ya chini: mjomba mwenye mabasi ameandika ngapi? Mjomba akiandika milioni tano, daftari likizunguka kila mtu anaitupia jicho ile tarakimu ya juu na kujiongezea kidogo. Akiandika laki mbili, hata aliyekuja na nia ya milioni atashuka na kukaa kwenye laki na nusu. Ndiyo maana kamati inayojua kazi hailiachii daftari kabla mjomba hajafuatwa nyumbani kwake na watu wazima wawili, wakaketi, wakanywa chai, wakamweleza shughuli yote tangu mahari mpaka matarumbeta.

Kwa wafadhili wakubwa mambo ni hayo hayo. Sehemu kubwa ya fedha hutoka kwa watu wachache, na mchango wa kwanza ndio kipimo cha inayofuata. Kwa hiyo achana na orodha ya anwani elfu moja. Andika majina kumi ya watu wenye uwezo, wanaoguswa na jambo lenyewe, na ambao yupo mtu wa kukufikisha kwao. Sifa zote tatu ziwepo. Tajiri asiyejali pori mwachie mwenye hospitali. Anayejali lakini hana kitu ni rafiki, mtunze kama rafiki. Mwenye uwezo na moyo, lakini hakuna kati yenu anayemjua, jina lake liwekwe pembeni hadi apatikane wa kuwatambulisha.

Na kabla ya mjomba, kamati yenyewe. Mjumbe ambaye hajaandika ahadi yake hana mdomo wa kumwomba mwenzake. Wajumbe wa bodi watoe, hata kama ni elfu kumi. Kijiji nacho kitoe kwa namna yake: siku za kufyeka mpaka, mbuzi wa siku ya wapimaji, vijana wa kubeba vifaa. Viandike vyote kwenye bajeti kwa thamani yake halisi. Tajiri akiuliza nani mwingine amechangia, mwambie wenye ardhi wametangulia, kisha mwonyeshe ukurasa.

Hatua ya pili: Jua aliipenda nchi hii kwa picha gani

Watu wengi wa Ulaya na Marekani wanaotoa fedha za mazingira waliipenda Afrika Mashariki kabla hawajaikanyaga. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek alitoa filamu yake kuhusu Serengeti, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar. Mwaka huohuo wa 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti walihamishwa, wakaambiwa kwao sasa ni Ngorongoro. Huko nje watu wakabaki na tambarare isiyo na mwisho, nyumbu wakikimbia, na hakuna mwenyeji hata mmoja. Picha hiyo imerithiwa na watoto na wajukuu, pamoja na fedha.

Ukikutana na mtu wa namna hii, muulize alianzaje kuipenda nchi, halafu msikilize mpaka mwisho. Atakusimulia kitabu alichosomewa na bibi yake, au safari ya fungate. Usimvunjie picha yake, maana ndiyo iliyomleta kwako. Iongezee watu. Mwambie nyumbu wa Tarangire hawazai ndani ya hifadhi: mvua zikinyesha wanatoka, wanakwenda kuzaa kwenye tambarare za Simanjiro, katikati ya malisho ya Wamaasai, ng'ombe upande huu na ndama wa nyumbu upande ule. Malisho yale yakigeuzwa mashamba, hifadhi itabaki na lango na bango.

Kisha msimulie habari ya Edward Loure. Familia yake ni miongoni mwa zilizoondolewa Tarangire ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Alikua, akafanya kazi na asasi ya Ujamaa Community Resource Team, akashughulikia hatimiliki za kimila zinazotolewa kwa jamii nzima kwa pamoja, na mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman kwa kazi iliyolinda zaidi ya ekari 200,000 za malisho. Mfadhili akiisikia habari hiyo vizuri, ataelewa bila kuhubiriwa kwamba mtu aliyeondolewa porini ndiye huyo huyo anayelilinda.

Hatua ya tatu: Jua fedha inalala wapi na inaamka lini

Mweka hazina mzuri wa harusi hampigii mtumishi wa serikali simu tarehe kumi na saba. Anasubiri mshahara. Mkulima wa vitunguu anamfuata baada ya mavuno, na mwenye duka anamfuata sikukuu zikishapita. Wewe nawe jifunze misimu ya watu wako.

Marekani mwaka wa kodi wa mtu binafsi unafungwa tarehe 31 Desemba, na wengi huamua sadaka zao wiki za mwisho. Mazungumzo yaanze Machi, ombi liwe limeeleweka Septemba, ili Desemba ikikuta mtu anauliza tu namba ya akaunti. Taasisi binafsi za huko zinatakiwa na sheria kutoa walau takriban asilimia 5 ya mali yao kila mwaka, kwa hiyo anayesimamia taasisi ya familia ana deni la kutoa, na anayemletea kazi nzuri anamsaidia kulilipa. Ipo pia mifuko ya wafadhili ambamo mtu anaweka fedha, anapata nafuu ya kodi siku ileile, lakini sheria haimpi tarehe ya kuzifikisha kwa asasi yoyote. Fedha zimeshatoka mfukoni mwake na bado hazijafika kwa mtu. Muulize kwa adabu kama ana mfuko wa namna hiyo. Swali hilo kwao ni la kawaida kama sisi kuuliza kama vocha imeingia.

Kwa nini tujisumbue na mtu mmoja mmoja wakati mataifa yanatangaza mabilioni? Novemba 2021, kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, serikali tano na taasisi binafsi 17 ziliahidi dola bilioni 1.7 hadi mwaka 2025 kwa ajili ya haki za ardhi za watu wa asili na jamii zinazoishi na misitu. Ilikuwa ahadi kubwa na njema. Ripoti ya kwanza ya wafadhili wenyewe ikaonyesha kwamba katika fedha zilizotolewa, asilimia 7 tu ndizo zilizokwenda moja kwa moja kwa asasi za jamii hizo. Zilizobaki zilipitia kwanza kwa wengine, na kila mlango una ada yake. Mtu binafsi anaweza kukata shauri akiwa mezani na kutuma fedha zikafika Mbulu bila kubadilisha basi njiani. Hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo hoja ya kumpelekea.

Hatua ya nne: Usikodi ngoma

Nilipokuwa mgeni kazini niliwapeleka mume na mke, wafadhili, Bonde la Yaeda kwa Wahadzabe. Nilikuwa nimepanga kila kitu: saa nne ngoma, saa tano kuwasha moto kwa vijiti, saa sita kulenga shabaha kwa upinde. Tukafika chini ya mbuyu tukakuta wazee watatu, na mama mmoja anaponda ubuyu kwa jiwe. Wengine walikuwa wamekwenda kutafuta asali.

Nikaanza kuomba radhi huku na huku. Mzee mmoja akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mwanangu, hawa wamekuja kutazama au wamekuja kuongea?"

Yule mama mgeni akataka kujua amesema nini. Ikabidi nitafsiri. Akajibu bila kufikiri, "Kuongea," akakaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake nyeupe.

Mzee akachukua kijiti akaanza kuchora ardhini. Hapa maji. Hapa mizizi. Hapa mibuyu yenye nyuki. Hapa mahindi. Akasimama kwenye mahindi, akayafuta, akayachora tena karibu zaidi na maji, akasema, "Nilipooa yalikuwa kule." Akayasogeza tena. "Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, hapa." Kisha akachora mstari mrefu kuzunguka yote na kuweka kijiti chini. "Huu mstari upo kwenye karatasi. Tunataka wengine wasiokuwa nao waupate."

Alikuwa anasema kweli. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde lile walipata hati ya kimila ya jamii nzima, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kuipata hati ya namna hiyo ni kazi ya jasho. Kijiji kiwe na cheti chake cha ardhi. Kiandaliwe mpango wa matumizi bora ya ardhi. Mkutano mkuu wa kijiji ukae na kuridhia. Majirani waje mpakani, mguu kwa mguu, wakubaliane kwamba mwisho ni mti huu na jiwe hili. Mpima aje na vifaa vyake, halmashauri ya wilaya ipitie na kusajili. Kila sentensi kati ya hizo inakunywa dizeli. Yule mama alikaa hadi jua likashuka, akiuliza kila hatua inagharimu nini na nani huikwamisha, na aliporudi kwao alitoa fedha za kupima vitongoji vingine. Ngoma hakuiulizia tena.

Jioni vijana wakarudi na asali, wakatusimulia walivyoipata. Kuna ndege mdogo anayewaita watu kwa sauti yake, anaruka mti hadi mti, hadi mbuyu wenye nyuki. Ndege anajua nyuki walipo lakini hana moshi wala shoka. Mtu ana moshi, ana shoka, ana vigingi vya kupandia mbuyu, lakini peke yake anaweza kuzunguka siku nzima arudi mikono mitupu. Nimeitumia habari hiyo tangu siku ile kueleza kazi yetu. Fedha ni shoka, na halijui asali ilipo. Anayejua ni aliyeishi na miti ile.

Kwa hiyo mgeni akija, hakuna kukodi shuka, hakuna kupanga watoto mstari, hakuna kupiga picha kabla mwenyewe hajakubali na kuelezwa picha itakwenda wapi. Mwenyeji achague wa kuongea na cha kuongea. Wewe beba maji ya kunywa na utafsiri kwa uaminifu, hata maneno yasiyokupendeza.

Hatua ya tano: Taja kiasi, kisha nyamaza

Anayeomba "chochote utakachojaliwa" hupewa chochote. Kadi ya harusi ina kiasi, na mtu mzima haoni haya kukisoma. Kwa tajiri nako sema hesabu kamili: "Tunakuomba dola 60,000 kwa mwaka, kwa miaka mitano, ili vijiji vinne vipate hati na viweze kuzilinda." Iwe hesabu uliyoifanyia kazi, inayolingana na uwezo wake na kazi yenyewe.

Kisha funga mdomo. Hapa ndipo wengi tunapoangukia, kwa sababu malezi yetu yanatufundisha kumwondolea mgeni tabu. Nilikuwa na mwenzangu hodari sana wa kueleza mambo. Siku moja tumeketi hotelini, ametaja kiasi vizuri, mgeni akainama kukoroga chai. Alikoroga muda mrefu. Alikuwa anahesabu kichwani, uso wake unaonyesha. Mwenzangu akashindwa kuvumilia, akasema, "Au hata nusu yake." Mgeni akainua kichwa, akatabasamu kwa nafuu kubwa, akasema nusu yake inawezekana kabisa. Sekunde ishirini zile zilikula upimaji wa vijiji viwili.

Kimya cha tajiri baada ya ombi ni kazi anayoifanya. Mwache aimalize. Akisema ndiyo, shukuru na uulize utaratibu. Akisema si sasa, uliza lini. Akisema hapana, mshukuru kwa ukweli wake na umuulize ni jambo gani halijamkaa sawa, maana jibu hilo ni elimu uliyopewa bure.

Hatua ya sita: Omba fedha za mkaa

Kwenye harusi kila mtu anataka kutajwa kwenye keki. Ukumbi una wenyewe, muziki una wenyewe, maua yana dada zake. Lakini mkaa uko kwa nani? Magunia sita ya mkaa, mafuta ya jenereta, posho ya wapishi waliolala macho: hayo hayasomwi na mshereheshaji, na bila hayo wageni watakula keki tupu.

Asasi nayo ina mkaa wake. Mhasibu, kodi ya ofisi, matairi ya gari, bima, mkaguzi wa hesabu, wakili. Wafadhili wengi hupenda kulipia semina na mabango, kwa mwaka mmoja. Waeleze, bila kuona haya, kwamba adui wa ardhi hafanyi kazi kwa mwaka mmoja.

Mfano ninaoutumia uko jirani na ofisi yangu, kwa sababu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inakaa hapahapa Arusha. Mwaka 2009 Waogiek wa Mau, nchini Kenya, walipewa notisi ya kuondoka msituni. Shauri lao lilifikishwa kwa Tume ya Afrika mwaka huohuo, na mwaka 2012 Tume ikalipeleka Mahakamani. Hukumu ikatoka tarehe 26 Mei 2017, na Waogiek wakashinda. Uamuzi wa fidia ulitoka tarehe 23 Juni 2022: shilingi za Kenya milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhila waliyopata, pamoja na amri kwamba ardhi ya asili yao itambuliwe na wapewe hati ya pamoja. Hesabu mwenyewe miaka hiyo. Ni 13. Na Novemba 2023 watu wakaondolewa tena katika msitu wa Mau, nyumba zikabomolewa, mahakama ikiwa imeshasema.

Katika miaka 13 mtoto anazaliwa na kumaliza darasa la saba. Mashahidi wazee wanakufa. Mtu anatakiwa awepo wa kupokea simu usiku, wa kutunza mafaili, wa kuwasafirisha wazee kwenda kusikiliza shauri lao na kuwarudisha. Ruzuku ya miezi kumi na miwili ya "kujenga uwezo" haiwezi kubeba jambo hilo. Kwa hiyo usikimbilie kuomba mradi mpya wenye jina zuri. Omba miaka mitano, bila masharti ya nini kinunuliwe, na ahadi ya kuonyesha kila shilingi ilipokwenda. Wako matajiri wanaoelewa hivyo, akiwemo MacKenzie Scott, ambaye amezipa asasi nyingi fedha na kuziachia ziamue zenyewe. Umtaje unapoongea na wengine. Mjomba hupenda kusikia mjomba mwenzake alivyofanya.

Hatua ya saba: Jifunze kurudisha fedha

Siku itafika. Itakuja fedha kubwa kuliko bajeti yako ya miaka mitatu, na pembeni yake kikaratasi chenye masharti.

Kwetu ilikuja hivi. Mfadhili mmoja alitaka kijiji kitenge malisho yake ya kiangazi yawe eneo la wanyamapori peke yao, sahihi zipatikane ndani ya wiki mbili, ili atangaze mwisho wa mwaka. Ofisi yetu ilikuwa na mishahara ya miezi miwili tu benki. Tulikipelekea kijiji barua yote, tukaisoma kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, bila kupunguza neno. Wanaume walizungumza kwa muda mrefu kuhusu wingi wa fedha. Kisha mama mmoja mzee akanyanyuka, akajifunga vizuri shuka lake, akauliza, "Mwezi wa tisa ng'ombe wangu watakula kwa nani? Kwake?" Mkutano ulifungwa kwa swali hilo. Nikaandika barua ya kukataa usiku uleule, kabla hofu ya mishahara haijanishika.

Kanuni yenyewe ni rahisi kuisema. Tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa tarehe 13 Septemba 2007, linataka ridhaa ya hiari, itolewe mapema, na mtu awe ameelezwa yote kabla ya kukubali. Siku ya kura Kenya na Burundi hazikupiga ndiyo wala hapana, kwa hiyo usidhani kila ofisi utakayoingia inalichukulia kama sheria ya nyumbani. Lakini wewe ulichukulie hivyo. Fedha unazoleta nazo zinahitaji ridhaa, kama ilivyo kwa barabara na bwawa. Kama tunamdai mwekezaji awaulize wenye ardhi kabla ya kuingiza trekta, na sisi tuwaulize kabla ya kuingiza mfadhili.

Andika sera ya michango wakati hakuna mchango mezani. Bodi na wawakilishi wa vijiji wakae, waamue ni fedha za nani hazipokelewi na ni masharti gani hayajadiliwi. Survival International, asasi iliyoanzishwa London mwaka 1969, haipokei fedha za serikali, ili iweze kuisema serikali yoyote. Ninyi mnaweza kuamua tofauti, mradi muwe mmeamua kabla njaa haijawaamulia.

Hatua ya nane: Shukuru kwa ukweli

Mweka hazina wa harusi akipokea muamala, ujumbe unarudi kabla simu haijazima taa: "Tumepokea, Mungu akuzidishie." Tajiri naye ni mtu. Shukrani imfikie ndani ya siku mbili, kwa mkono wa mtu na si kwa mashine, na itaje kilichoanza kufanyika kwa fedha zake.

Kisha endelea kumwandikia hata pale ambapo humwombi kitu. Mwandikie mvua zikichelewa. Mwandikie mpima akikwama mtoni siku tatu. Muhimu kuliko yote, mwandikie mkishindwa. Mpaka uliosimikwa ukang'olewa usiku, jirani aliyetia sahihi akageuka, shauri likaahirishwa kwa mara ya sita: yote hayo aambiwe, na wewe uwe wa kwanza kumwambia. Vijana wengi huandika ripoti kama kadi za sikukuu, kila kitu kimefanikiwa, kila mtu amewezeshwa. Mfadhili akisoma ripoti tano za namna hiyo anajiuliza kwa nini mnahitaji fedha tena. Aliyeambiwa ukweli anajiona yumo kwenye kamati, na mjumbe wa kamati haondoki shughuli ikichacha.

Baada ya harusi, kamati hukutana mara ya mwisho. Hesabu zinasomwa, nyama inachomwa, watu wanacheka yaliyowatoa jasho, halafu kamati inavunjwa. Kwa muda mrefu nilijiuliza kamati yetu itavunjwa lini, maana ardhi haina siku ya kufunga shughuli.

Mwaka jana mzee yule wa Yaeda alinipigia simu. Mtandao ulikuwa unakatika, upepo unavuma. "Yule mama yako wa suruali nyeupe," akasema, "kanipigia mwenyewe. Kamweka mtu wa kutafsiri. Tumeongea kuhusu mpaka wa kule juu. Kaniuliza tunahitaji nini, nikamwambia tutakaa kwanza sisi wenyewe, halafu tutamjibu."

Nikamuuliza kama anataka nimsaidie kuandika hilo jibu.

"Ukitaka njoo," akasema. "Lakini kikao ni chetu."

Nikafunga daftari langu. Mdogo wangu, siku utakapopigiwa simu kama hiyo, choma nyama.